"Bonge" ni tusi au sifa? Maana ya neno, lilikotoka, na mahali sumu yake inapokaa

#1 (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Neno "bonge" limezoeleka hadi watu hawalisikii tena likitoka mdomoni mwao. Konda wa daladala analitumia kupanga abiria, muuza mitumba analitumia kupima mteja kwa macho, watoto wanalitumia darasani, na ukifungua picha ya mtu yeyote mwenye mwili mitandaoni utalikuta hapo chini. Ukimuuliza aliyelitamka, jibu ni lile lile: "Mbona tunasema bonge la mechi? Si tusi hilo." Aliyeitwa ananyamaza, au anacheka kwa shingo upande ili aonekane hana neno.

Nimeleta mada hii kwa sababu naamini huyo anayenyamaza ana haki ya kuumia, na Kiswahili chenyewe kinamuunga mkono. Naomba tulichambue neno hili kuanzia shina lake.

Bonge, kwa maana yake ya asili, ni pande la kitu kilichoshikamana kikawa kama mviringo. Bonge la udongo. Bonge la ugali. Bonge la damu iliyoganda. Aliyepika uji analijua vizuri: ukimimina unga mkavu kwenye maji yanayochemka badala ya kuukoroga kwanza kwa maji ya baridi, unapata mabonge. Unayaponda kwa mwiko kwenye ukuta wa sufuria, yanapasuka, na ndani unakuta unga mbichi, mweupe, haujaguswa na maji. Hilo ndilo bonge. Ni kitu kizima kilichojikusanya, hakina umbo la maana, hakina kichwa wala miguu. Ndugu zake katika lugha ni donge na tonge. Wote hao wapo katika ngeli ya LI-YA, wingi wao ni mabonge, madonge, matonge.

Hatua ya pili ni pale neno lilipoanza kupima ukubwa. Hapo, ninavyoona, halikutangulia, maana njia ilishafunguliwa na neno "pande". Wazee wetu walisema "pande la mtu", wakiwa na maana ya mtu mkubwa, aliyejengeka, ukikutana naye njiani unampisha. Bonge likafuata nyayo hizo hizo: bonge la mtu, bonge la nyumba, bonge la gari. Baadaye likahama kutoka ukubwa wa umbo hadi ukubwa wa sifa. Bonge la bao halina kilo. Bonge la hotuba halina kiuno. Hapa neno ni sifa tupu, na wanaosema si tusi wanasimama hapa.

Lakini angalieni kile kiungo "la". Katika "bonge la mechi", mechi imebaki mechi, na bonge linaisifia tu. Katika "bonge la dada", dada bado yupo na heshima yake ya udada. Sasa ondoa "la" na ondoa kilichofuata. "We bonge!" Hapo hakuna tena dada, kaka wala mtu. Limebaki pande la udongo, nalo limeambiwa kwamba ndilo wewe.

Halafu msikilize msemaji akiendelea. Akikasirika hasemi "yule bonge amekaa", anasema "lile bonge limekaa". Wengine wanaongeza li- nyingine mbele: "libonge lile". Tusi kamili lipo hapo. Kiswahili kina ngeli moja waliyopewa wenye uhai, A-WA, na kumtoa mtu humo ukamweka pamoja na mawe na madongo ni kumvua utu kwa silabi moja. Watoto wanajua hili kabla ya kufundishwa sarufi. Hakuna aliyewaambia kwamba "limekuja" linauma kuliko "amekuja", lakini wakitaka kuumiza, wanalichagua bila kukosea.

Karibuni tujadili. Wenye lugha za nyumbani, wa pwani, wa bara, wa Kenya, leteni mnayoyajua.

#2

Mleta mada, asante kwa uzi. Mimi nilidhani bonge limetokana na Bongo, yaani hili jina la Dar es Salaam ambalo sasa linaitwa nchi nzima. Mtu aliyekula maisha ya Bongo akanawiri, akaitwa bonge. Siyo?

#3 (mleta mada)

Hapana mkuu, ingawa wengi wanafikiri hivyo. Bongo limetoka kwenye ubongo: kwamba mjini bila akili huishi. Bonge lilikuwepo kwenye ugali na udongo tangu wazee, hata kabla ya mji huo kuitwa Bongo. Kufanana kwao ni kwa sauti tu.

#4

Nikiwa Nairobi naomba niongeze. Huku "tubonge" ni "tuongee", kutoka kwenye kubonga, na haihusiani kabisa na unene. Lakini "kibonge" tunalo, tena sana. Mtoto mwenye mashavu ni kibonge. Mpenzi anaweza kuitwa kibonge na akafurahi. Je, hiyo ki- haijaondoa ukali? Maana umesema ubaya uko kwenye LI, na hapa tumeshatoka LI.

#5 (mleta mada)

Swali zuri, ndugu yangu wa Nairobi. Ki- inapunguza ukubwa, na kwa hiyo inapunguza tishio. Kwa mtoto mchanga, au kati ya watu wawili wanaopendana, inapendeza. Hata Dar wapo wanaoandika "chibonge" chini ya picha zao wenyewe.

Ila ki- nayo ina makali yake. Kijitu, kijimwanamke: hayo ni maneno ya dharau, na yako upande wa udogo. Lugha yetu inaweza kumshusha mtu kwa kumkuza na inaweza kumshusha kwa kumdogosha. Kwa hiyo mimi naangalia kitenzi kinachofuata. Ukisema "kibonge wangu amelala", huyo ni mtu. Ukisema "kibonge kile kimelala", umerudi kwenye vitu.

Hata wembamba wana tusi lao katika ngeli hiyo hiyo: kimbaumbau. Wengine huandika kimbaombao, na kwa maandishi hayo naona wazi mbao ndani yake, mbao iliyokunjwa mara mbili na kuwekewa ki-. Sisi tulioimba utotoni "kimbaumbau mwiko wa pilau" tunajua mwiko unaozungumzwa ni upi. Ni ule wa shughuli, mti mrefu kama mkono mzima, kwa sababu sufuria la harusi lina kina na moto wa kuni chini yake haukuruhusu kusogea. Unaingia kwenye wali na nyama, unageuza, unatoka mkavu. Mpishi na walaji wanashiba. Mwiko wenyewe hauna kilichobaki mwilini mwake. Hilo ndilo walilokuwa wanamwambia mtoto mwembamba, na walikuwa wanaimba.

#6

Mimi ni huyo mwiko wa pilau, niko nanyi. Watu wanahurumia wanene, lakini mtu mwembamba huambiwa chochote hadharani na hakuna anayeona vibaya. "Unakula kweli?" "Upepo usikupeperushe." "Njiti." Hata msibani, mtu anakushika kiganja anakizungushia vidole vyake ili kuonyesha wenzake jinsi mkono ulivyo mdogo. Jibu langu siku zote ni lile la wahenga wa stesheni: usione wembamba wa reli, garimoshi hupita. Lakini kuna neno moja ambalo halina jibu. Ukiwa na miaka kama yangu, uliyekua miaka ya tisini, kuambiwa "umekonda" lilikuwa jambo jingine kabisa. Mleta mada, gusia na hilo.

#7 (mleta mada)

Nalifahamu unalolisema, na nimekuwa nikitafuta pa kuliingizia. Upande wa mama mimi ni mtu wa Kagera, na sidhani kama kuna mkoa mwingine Tanzania ambako mwili wa binadamu umesomwa kwa namna mbili zinazopingana kama kule.

Mwishoni mwa 1861, Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, kwa Mfalme Rumanika, akiwa safarini kutafuta chanzo cha Nile. Aliyoyaona akayaandika. Wanawake wa nyumba ya kifalme walilishwa maziwa mfululizo hadi wakashindwa kusimama, na unene huo ndio uliokuwa heshima yao na uzuri wao. Mmoja wa wanawake hao, Speke alimpima mwenyewe: mkono peke yake ulikuwa na mzunguko wa futi 1 na inchi 11, sawa na sentimita 58. Mbele yao alikaa binti wa mama huyo, wa miaka 16, akinywa maziwa kwenye chombo, na baba yake ameshika fimbo ili asiache kunywa. Sisemi hilo lilikuwa jema. Mtoto aliyeshikiwa fimbo anywe hana tofauti kubwa na anayechekwa hadi aache kula. Ninachosema ni kwamba pale Karagwe, wakati huo, kumwita mwanamke mnene kungekuwa kumtukuza.

Sasa njoo miaka ya 1980, mkoa huo huo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa Kagera, mwaka 1983. Kabla ya jina rasmi kuenea, watu wa kule waliuita ugonjwa "Juliana", kwa jina la nguo za magendo zilizokuwa zikitoka Uganda wakati ule. Upande wa pili wa mpaka, Rakai, waliuita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mwembamba, Slim, na madaktari waliuandika kwa jina hilo kwenye jarida la kitabibu mwaka 1985. Ugonjwa ulipewa jina la umbo la mgonjwa.

Tangu hapo kukonda kukawa tangazo. Mtu akipungua kilo chache kwa malaria au kwa mawazo, majirani wanahesabu. Familia zinanong'ona. Vijana walikuwa na lugha yao: kakanyaga waya, ana ngoma, ana mdudu. Naam, mchangiaji #6, ndiyo maana neno lile halikuwa na jibu. Ukikana, wanasema anaficha. Ukinyamaza, wanasema kakubali. Na ndiyo maana kizazi kizima cha mama zetu kikikutana nawe baada ya muda, jambo la kwanza wanalotaka kukusemea ni "umenenepa!" kwa furaha isiyo na hila yoyote. Wanashukuru kwamba u mzima. Binti wa leo aliyekulia kwenye picha za simu anasikia tusi. Mama anasema heri, mtoto anasikia shari, na wote wawili wako sebuleni pamoja.

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004, na zikaokoa watu wengi sana. Ila mojawapo ya dawa za mwanzo, stavudine, ilikuwa na madhara ya kuhamisha mafuta mwilini: mashavu na miguu vinakauka, tumbo na shingo vinajaa. Watu walioanza kupona wakajikuta mtaa umewasoma upya kwa sura mpya. Wapo walioacha dawa kwa ajili ya hilo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi ziachane nayo hatua kwa hatua. Huwa nawaza ni wangapi walikimbia maneno ya watu, hawakukimbia dawa.

#8

Nakazia #7. Marehemu kaka yangu alikuwa akivaa suruali mbili ili miguu ionekane imejaa. Jua la Bukoba si kali, lakini suruali mbili ni suruali mbili. Mungu ampumzishe.

#9 (mleta mada)

Pole sana ndugu yangu. Mungu amrehemu.

#10

Samahani, mimi naona mnakuza jambo. Naitwa Bonge tangu shule ya msingi. Fundi wangu, wateja wangu, mke wangu, wote wananiita Bonge. Nina duka la vipuri na watu wanaulizia "duka la Bonge liko wapi". Ukinitafuta kwa jina la cheti hunipati. Mimi halijawahi kuniuma. Mkianza kulipiga marufuku mtanipa jina gani?

#11 (mleta mada)

Kaka, hakuna wa kukunyang'anya jina lako, na simu yako imejaa watu wanaokupenda kwa jina hilo. Ila hebu sikiliza wanavyolitamka. "Bonge yupo?" "Bonge kaenda kula." "Mwambie Bonge anipigie." Kila kitenzi hapo ni cha A-WA. Hawajasema "Bonge lipo?" hata mara moja. Limeshakuwa jina la mtu, lina herufi kubwa, lina mwenyewe, na mwenyewe ameridhia. Mtaa wetu umejaa majina ya namna hiyo, Mrefu, Mweusi, Babu, na watu wanazeeka nayo kwa heshima.

Nina ombi moja tu kwako. Siku akija mteja mpya mwenye mwili dukani, asiyekujua, vijana wako wasimwite "bonge mwenzako". Wewe umelipokea. Yeye hajaulizwa.

#12

Mtani kutoka Unguja hapa. Huku kwetu wazee hawakuwa wakisema bonge kwa mtu. Kulikuwa na "tipwatipwa": mtoto mnene tipwatipwa, yaani mwili laini unaotikisika akitembea. Na mtu akinenepa baada ya dhiki au baada ya uzazi, husemwa amewanda. "Mashaallah, umewanda." Hiyo mashaallah haiachwi, maana kusifu mwili wa mtu bila kumtaja Mungu ni kumtilia kijicho. Na aliyekonda husemwa amekauka kama ng'onda, yule samaki aliyepasuliwa akaanikwa juani. Hilo la ng'onda ni kali, hasemwi mtu usoni.

Nataka kuuliza: kwa nini bara mnasema "amenona"? Kwetu kuku ndiye hunona.

#13 (mleta mada)

Shukrani bibie au bwana wa Unguja, umeleta hazina. Neno "kuwanda" naomba tulirudishe bara, tunalihitaji.

Kuhusu kunona, uko sahihi kabisa. Kunenepa ni kwa mtu, kunona ni kwa mnyama anayesubiriwa kisu. Ng'ombe wanono, kuku mnono. Mtu anayemwambia dada wa watu "umenona" anamtazama kwa jicho la mchinjaji, hata kama yeye anadhani anatongoza. Maneno mengi ya siku hizi yanayojifanya sifa kwa wanawake wanene yana jicho hilo hilo. Wowowo, msambwanda, umbo namba nane. Sifa inaanzia kiunoni na kuishia mapajani, na mwenye mwili hakuulizwa. Kisha mwanamke huyo huyo akipanda daladala, anageuka kuwa bonge linalobana wenzake. Mchana ni sifa, jioni ni tusi, na mwili ni ule ule.

Kwa mwanaume mambo ni tofauti, tuseme ukweli. Mwanaume mkubwa ni "mtu wa miraba minne", na tumbo lake lilikuwa cheo. Kitambi kilikuwa ushahidi kwamba mshahara unafika. Hata hivyo siasa nayo ilipita hapo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mnyonyaji aliitwa kupe, na kupe tunamjua: mdudu anayevimba kwa damu ya mwingine. Kwa hiyo tumbo la bwana mkubwa likapata maana nyingine: kalishibisha kwa jasho la nani? Ninavyoona mimi, sehemu ya hasira inayomwangukia mtu mnene mitaani mpaka leo imetoka huko, kwenye hisia kwamba aliyeshiba amekula cha mwenzake. Inamwangukia hata mama ntilie anayeamka saa kumi usiku kuchemsha supu.

#14

Nimesoma tangu juu hadi hapa. Mimi ni mzazi. Binti yangu yuko darasa la tano, ni mnene, amerithi kwa bibi yake. Shuleni watoto wanamwimbia "bonge nyanya". Hilo ningelivumilia, watoto ni watoto. Kilichoniumiza ni kwamba mwalimu naye alimwambia mbele ya darasa, "we bonge, sogea pembeni wenzako waone ubao." Sasa hataki kubeba chakula cha mchana. Anasema atakula nyumbani. Anarudi saa kumi akiwa hana nguvu, anakula kwa pupa, analala. Mleta mada, uchambuzi wako wa ngeli ni mzuri, lakini mimi nifanye nini?

#15 (mleta mada)

Dada yangu, pole. Umenipeleka moja kwa moja kwenye sababu ya mimi kuandika.

Kwanza "bonge nyanya" yenyewe. Nyanya ni ya mviringo, ni laini, na ukiibonyeza inabaki na alama ya kidole. Wanaoimba wanamwambia mtoto kwamba wanaweza kumbonyeza, na wengi wao humbonyeza kweli, mashavuni na tumboni, kwa vidole. Muulize taratibu kama wanamgusa. Watoto hawasemi hilo wenyewe.

Pili, huyo mwalimu. Usiende na hasira na usiende na barua kwanza. Nenda mwenyewe, asubuhi kabla ya vipindi, ukamkute peke yake. Mwambie maneno aliyoyasema kama yalivyo, mwambie mtoto ameacha kula, kisha nyamaza umsubiri. Walimu wengi wamelikuta neno hilo mtaani kama sisi, hawajawahi kuona mwisho wake. Akionyesha kutokujali, hapo nenda kwa mwalimu mkuu, na kamati ya shule ipo kwa ajili hiyo.

Tatu, nyumbani kwenu. Hili naomba ulipokee vizuri. Shangazi, wajomba, kaka zake, kuna anayemwita kibonge kwa mapenzi? Kwa sasa waache wote. Mtoto aliyepigwa na neno nje hawezi kupokea neno lile lile ndani, hata likiwa na ki- mbele. Mwiteni kwa jina lake. Na kile chakula cha mchana, asilazimishwe wala asisimamiwe. Mfungie kitu kidogo anachoweza kukila na rafiki yake mmoja, ndizi mbili, viazi vya kuchemsha, karanga. Akiwa na mwenzake wa kula naye, atakula.

#16

Naomba nichangie kama muuguzi. Dada #14, mtoto asiyekula mchana kisha akala kwa pupa jioni hapungui kwa njia nzuri. Kama una wasiwasi na uzito wake, mpeleke kliniki apimwe kwa kulinganisha na umri wake. Chati za watoto si za watu wazima.

Kwa watu wazima tunachukua kilo, tunagawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 77 anapata 30. Kuanzia 25 tunasema uzito umezidi, kuanzia 30 tunasema unene uliokithiri. Kipimo hicho kina mapungufu yake, hakijui kutofautisha misuli na mafuta, ndiyo maana tunapima na kiuno.

Kwenye mabango ya afya mtakuta "kiribatumbo". Kiriba ni mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji, ule unaovimba ukijazwa. Mimi wodini silitumii mbele ya mgonjwa. Nasema "uzito wako umezidi kiasi hiki, tuangalie tutafanyaje". Nimegundua mgonjwa akiitwa jina la chombo harudi kliniki, na presha yake naendelea kuisubiri kwenye kitabu.

#17 (mleta mada)

Muuguzi, asante sana. Umeeleza kwa kazi yako kile nilichokuwa nakieleza kwa sarufi.

Niongeze ushahidi mmoja kwa wanaosema haya ni mambo ya kukuza. Kiswahili kimeshawahi kufanya marekebisho ya aina hii, na tuko hai tumeyaona. Zamani mtu aliitwa "kilema", kwa ki- ile ile ya vitu. Leo redioni na shuleni tunasema "mlemavu" au "mtu mwenye ulemavu". Zamani tulisema "zeruzeru", tena bila aibu. Leo tunasema "mtu mwenye ualbino", na watoto wadogo wanakua wakisema hivyo bila kujilazimisha. Hakuna aliyekufa kwa kukosa maneno ya zamani. Kilichofanyika ni kumrudisha mtu kwenye ngeli ya watu.

Kwa unene neno lipo na halihitaji kubuniwa: mnene. Lina m- yake. Ni neno la kawaida, halisifu, halitukani. "Yule dada mnene aliyeketi dirishani" inatosha kumtambulisha, na yeye akisikia hawezi kudai ameonewa.

#18

Mleta mada, swali la vitendo. Mimi nauza nguo za mitumba, sketi na magauni. Mteja akija, lazima nijue saizi. Nikiuliza namba, wengi hawajui, maana nguo za mitumba zina namba za kila nchi. Nikikadiria kwa macho ndiyo natoka na "anti, njoo huku kwa mabonge". Nilikuwa sijui kama naumiza, ila ni kweli wapo wanaogeuza na kuondoka. Niseme nini badala yake?

#19

Mkuu #18, mimi ni mteja wa aina hiyo, nakujibu kabla ya mleta mada. Tundika zile kubwa mahali pazuri kama nyingine, usizifungie kwenye robota nyuma ya meza. Halafu ukiniona sema tu, "karibu dada, saizi kubwa ziko upande huu, na ndogo upande ule." Nitaenda mwenyewe. Siku nikikuta kijana anayeongea hivyo nanunua hata ambayo sikuipanga.

#20 (mleta mada)

#19 amemaliza, sina la kuongeza hapo. Mkuu #18, na tepu ya fundi ni shilingi chache tu, iwe shingoni. Ukikuta namba za nchi nyingine, pima kiuno cha sketi mwenyewe, andika sentimita kwenye kipande cha karatasi, kibane na pini. Mteja atasoma karatasi, hutahitaji kumsoma yeye.

Wale wa Kongo na Burundi mlionitumia ujumbe pembeni kwamba mna maneno yenu, yaleteni hapa hapa wazi ili wote tuyaone, pamoja na ngeli mnazoyatumia.